Safari Isiyo na Mgonjwa

Vudee, Upare
22 Februari 1953

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Hapa nyumbani tunalala na kuamka. Mama alikuwa analalamikia mgongo, lakini juzi ng'ombe mwekundu amezaa, na tangu hapo mgongo haujatajwa tena. Mvua bado. Maji ya ndiva, bwawa letu, yameshuka mpaka tope la chini linaonekana, na zamu za maji zimeanza kuleta maneno kama kila mwaka. Mama mkubwa Esta na mwanawe Eliufoo wanakusalimu sana. Mumewe, Baba mkubwa Hezroni, naye anakusalimu, ingawa tangu afanywe jumbe wa hapa hata salamu anaitoa kama amri.

Sasa shika neno langu. Krismasi, siku ile unarudi Tanga, ulisema mbele ya Mama kwamba mwezi wa Julai utapata likizo, na wewe na mimi tutaizunguka milima kwa baiskeli siku mbili. Labda ulisema kwa sababu ulikuwa umeshiba wali. Mimi nililichukua kuwa ahadi, na tangu hapo nimejifunza kuendesha.

Ndiyo, umesoma vizuri. Baiskeli ya marehemu Baba, ile iliyoning'inia darini ikiliwa na kutu, nimeishusha. Nimeisugua kwa majivu, nimeipaka mafuta, kengele imerudi kulia. Watoto wa darasa langu wakishakwenda makwao, uwanja wa shule unakuwa wangu. Lile bomba la katikati lilinigombanisha na gauni, nikashona suruali pana ya kuvaa ndani. Nimeanguka vya kutosha na siku hizi nacheka nimefunga mdomo, lakini naendesha.

Safari nimeipanga hivi. Mimi nitashuka Same na kupanda treni pamoja na baiskeli mpaka Makanya. Wewe utatoka Tanga na yako katika behewa la mizigo, tukutane stesheni ya Makanya. Siku ya kwanza tunapanda Suji mpaka Chome, tunalala kwa shangazi Raheli. Siku ya pili tunashika njia ya juu kando ya msitu, tunatokea hapa kwetu, tunateremka Mwembe mpaka Same, nawe unapanda treni yako. Barabara ya magari siitaki kabisa. Nataka njia za miguu, zile Baba alizopita na baiskeli hiyohiyo alipokuwa mwinjilisti, akiibeba begani pale isipoweza kumbeba yeye.

Watu wananiuliza nani mgonjwa huko Chome. Nasema hakuna. Nani amefiwa? Hakuna. Basi unakwenda kufanya nini? Nakwenda kuendesha baiskeli. Wanatikisa vichwa na kwenda zao. Kaka, Chome nimekwenda mara nyingi kwa misiba na kwa wagonjwa. Safari hii nataka kwenda kwa sababu nataka.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Lea


Tanga
15 Machi 1953

Mdogo wangu Lea,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeisoma karakana wakati wa chakula, nikacheka peke yangu hata maseremala wenzangu wakadhani nimepokea habari za urithi. Mimi mzima. Joto la hapa linanifanya niote baridi ya kwetu. Mpe Mama pole ya mgongo na hongera ya ndama.

Ahadi niliitoa nikiwa nimeshiba, ni kweli, lakini ni ahadi. Nimemwambia mkubwa wa karakana, naye amenikubalia. Tushike Jumamosi tarehe 25 Julai na Jumapili tarehe 26. Masika yatakuwa yameisha na njia zitakuwa zimekauka.

Sasa sikiliza, mwalimu, leo wewe ni mwanafunzi. Ukiteremka usibane breki ya mbele peke yake, itakurusha kichwa mbele. Bana ya nyuma kwanza, kidogo kidogo. Chukua viraka, gundi na pampu, na usimwazime mtu pampu, maana haitarudi. Kwenye mawe inuka kwenye kiti, simama juu ya pedeli, magoti yawe laini. Baba alikuwa akisema baiskeli inamjua mwoga kwa magoti yake.

Kuhusu watu wanaouliza nani mgonjwa, waambie mimi ndiye mgonjwa, ninaumwa na milima.

Kaka yako,
Aminieli


Vudee
12 Aprili 1953

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Pasaka imepita vizuri. Mvua ilikuja na fujo zake zote, ndiva imejaa, na waliogombania maji sasa wanagombania mtaro uliobomoka. Mama ni mzima. Amepanda maharage mpaka karibu na mlango.

Lakini nina jambo. Jumatatu ya Pasaka Baba mkubwa alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama uani akaitazama baiskeli, akasema, "Mali ya ndugu yangu haikai kwa binti. Hii ni ya Aminieli, na Aminieli yuko mbali. Itakaa kwangu." Akaongeza kwamba mwalimu wa kike juu ya baiskeli ni aibu kwa ukoo, na kwamba wazee wa kanisa wameshamuuliza.

Nilimjibu kwa heshima, Mama ni shahidi. Nilisema, "Baba mkubwa, mwenyewe atakuja Julai. Tutatoka Chome pamoja na kupita hapa siku ya Jumapili. Utamuuliza yeye mwenyewe, mbele ya watu."

Akaniuliza, "Na asipokuja?"

Nikasema, "Asipokuja, ichukue."

Najua utasema mdomo wangu unakimbia kuliko miguu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeshayavulia. Kwa hiyo sasa si matembezi tena. Usipotokea, baiskeli ya Baba inakwenda kukaa kwenye nyumba ya mtu asiyejua hata kuipanda, nami nitarudi kutembea kwa miguu kwenda kwa wagonjwa na misiba ya watu mpaka nizeeke.

Chakula nimeshakipanga. Jumamosi tutapita Suji, tutanunua ndizi na chochote kilichoiva pale, tusibebe mzigo. Jumapili tutafika hapa watu wakitoka ibadani. Kila mtu na atuone.

Mama mkubwa Esta alipita jana kuomba moto. Aliigusa kengele kwa kidole, ikalia, akaondoka upesi kama aliyeiba.

Dada yako,
Lea


Tanga
31 Mei 1953

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo. Nisamehe kuchelewa kujibu, na nisamehe mistari iliyopinda, naandikia juu ya kipande cha ubao.

Kazi zimekuwa nyingi. Tuna madawati ya kumaliza, na sina hakika kama likizo itapatikana kama nilivyodhani. Halafu nasikia masika ya mwaka huu yameharibu njia nyingi za milimani. Nafikiri itakuwa busara tuiahirishe safari mpaka mwakani, au mwaka wowote utakaofaa.

Kuhusu baiskeli, usigombane na Baba mkubwa kwa ajili ya chuma. Kama anaitaka, mwache aitunze kwa muda. Yeye ni mzee wetu.

Nisalimie wote.

Aminieli


Vudee
14 Juni 1953

Aminieli,

Shikamoo. Mama ni mzima, ng'ombe ni mzima, maharage yamekubali. Habari za nyumbani zimeishia hapo, kwa sababu nina hasira na sitaki ziingie kwenye maharage.

Wewe ni nani uliyeniandikia barua ile? Kaka yangu ninayemjua hawezi kuandika "itakuwa busara." Masika yameharibu njia? Mimi ndiye ninayekaa kwenye njia hizo, wewe unakaa Tanga. Mwezi wa Machi likizo ilikuwepo, Mei imeyeyuka. Na neno "yeye ni mzee wetu" umelitoa wapi, kama si kwenye kinywa chake? Baba mkubwa amekuandikia. Usikatae, maana juzi alinipita njiani akitabasamu, na yule mtu hatabasamu bure.

Sikiliza, kaka. Kama umeogopa, sema umeogopa. Kama umeoa huko na mkeo hataki uje, sema. Lakini usiniambie baiskeli ni chuma. Ulikuwepo siku Baba alipoteremka nayo kutoka Chome huku homa imemshika. Alipofika uani aliilaza kwanza taratibu, ndipo naye akalala. Hakuinuka tena. Chuma!

Mimi ninakwenda. Tarehe 25 nitakuwa stesheni ya Makanya treni ya Tanga ikiingia. Usiposhuka, nitapanda Suji peke yangu, nitalala kwa shangazi, nitashuka Vudee Jumapili, na baiskeli nitamkabidhi Baba mkubwa mwenyewe, ikiwa na vumbi la safari nzima juu yake. Aifute yeye.

Lea


Tanga
28 Juni 1953

Mdogo wangu Lea,

Marahaba. Nimefurahi Mama ni mzima. Mwambie namkumbuka.

Sikuoa. Wala sikumwogopa Baba mkubwa. Ni kweli aliniandikia akitaka nitamke kwamba baiskeli iwe yake, nami sikumjibu. Lakini nilikuandikia wewe maneno yake, na hilo ni baya zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanzoni mwa Aprili, karakana, gogo la mvule liliteleza kwenye rundo likanibana mguu wa kushoto ukutani. Nimekaa hospitali wiki nyingi. Barua yako ya Aprili niliisomea kitandani, na yangu ya Mei niliiandikia kitandani, ndiyo maana ya ubao na mistari iliyopinda. Mguu upo. Goti halikunjiki. Daktari amesema halitakunjika tena. Natembea kwa mkongojo, mguu umenyooka kama ubao nilioukosea kipimo.

Sikukuambia kwa sababu kila siku pale kitandani nilikuwa naiendesha safari ile kichwani. Nilikuwa nimeshapita Suji mara nyingi. Ningekuambia, ingekwisha. Halafu nikaona aibu. Nilitoka kwetu mzima, nirudi nikichechemea, watu wasimame njiani waseme Tanga imetutumia mabaki.

Mtu asiyekunja goti hawezi kukanyaga pedeli, Lea. Baiskeli yangu nimemwazima mwenzangu. Nenda bila mimi, au usiende. Lakini usinikasirikie tena, sina nguvu ya kuibeba hasira yako pamoja na mguu huu.

Kaka yako,
Aminieli


Vudee
12 Julai 1953

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole. Pole, pole, pole. Nimelia, nimemaliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ulitaka kuumbuliwa na dada yako. Mama nimemwambia. Akauliza kama goti la pili linakunjika. Nikasema linakunjika. Akasema, "Babu yenu uzeeni hakuwa na hata moja linalokunjika, na alilima mpaka anakufa." Halafu akaenda kukulilia nyuma ya nyumba, alidhani simsikii.

Sasa nikueleze yaliyotokea hapa, maana nami kuna mambo nilikuwa sijakuandikia.

Mwishoni mwa Juni Baba mkubwa aliita baraza. Akatangaza msaragambo wa kutengeneza njia, watu wote, wake kwa waume. Siku gani? Jumamosi tarehe 25 Julai. Watu wakageuka kunitazama. Unajua sheria yetu: asiyetokea kwenye msaragambo, wazee huenda nyumbani kwake wakachukua kitu. Kwa wengine huchukua jembe au mbuzi. Kwangu kila mtu alijua kitakachochukuliwa.

Nikasimama. Nikasema, "Naomba nipimiwe kipande changu mapema. Nina safari." Hiyo nayo ni desturi, mwenye safari humaliza kipande chake kabla ya siku.

Baba mkubwa akasema, "Safari ya nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Nani amefariki?"

"Wote wazima, tunamshukuru Mungu."

"Basi hiyo si safari."

Nikasema, "Baba mkubwa, desturi inasema mwenye safari. Haijasema mwenye mgonjwa." Watu wakacheka. Nilijua nimekosea kuwachekesha watu mbele ya jumbe wao, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema, "Vema. Kipande chako ni Ngazi."

Unapajua pale Ngazi, chini ya kanisa, njia ya Mwembe inapoanguka kwa vidato vya mawe, mahali ambapo hata mbuzi husita. Kila mwaka wanaume hufika pale, hulitazama lile jiwe la katikati, huondoa majani pembeni na kwenda nyumbani. Alitaka nishindwe. Nikamwambia, "Asante." Halafu nikamkumbusha lile neno analolisema mwenyewe kila msaragambo, kwamba njia uliyoitengeneza kwa mkono wako hakuna wa kukukataza kuipita. Akasema ni kweli. Angesema nini?

Nikapika makande, vyungu viwili, na togwa, kama mtu yeyote anayeita majirani shambani kwake. Nilidhani watakuja wachache. Wakaja wanawake wa Vudee yote, na majembe yao. Kila mmoja alikuwa ameshaanguka pale Ngazi, huyu na kuni, huyu na mtungi, huyu na mimba. Mama mkubwa Esta alikuja amebeba mtaimbo wa Baba mkubwa begani. Nikamuuliza kama mwenyewe anajua. Akasema, "Mtaimbo haukuuliza."

Vidato vidogo tuliving'oa. Lile jiwe la katikati tuliliwashia moto asubuhi na mapema, tukaulisha magogo mpaka jua likawa kichwani, kisha tukageuza maji ya mfereji yakalimwagikia yote kwa mara moja. Likalia, likapasuka mara tatu. Wanaume waliokuwa wanatazama kutoka juu wakasogea karibu. Hata mchungaji alikuja kuona. Alisema tu kwamba moshi umeingia kanisani.

Njia imelala, kaka. Baiskeli inapita.

Kwa hiyo utakuja. Usianze kuniambia habari za pedeli, pedeli ni zangu. Makanya yuko Mbaraka mchuuzi, kila Jumamosi anapandisha nguo na chumvi mpaka Chome kwa punda, na Jumapili anapita Vudee. Nimezungumza naye. Punda mmoja ni wako. Kuanzia kanisani utakaa nyuma yangu, kwenye keria, na mguu wako uelekee unakotaka. Waseme Tanga imetuma mabaki. Tutawapita nayo mbele ya macho yao.

Ulisema baiskeli inamjua mwoga kwa magoti yake. Wewe sasa una moja la kukusaliti, si mawili.

Nakungoja stesheni.

Dada yako,
Lea


Tanga
19 Julai 1953

Lea,

Mwambie Mbaraka anitafutie punda mpole.

Aminieli


Tanga
2 Agosti 1953

Mdogo wangu Lea,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nilifika salama. Mgongo unauma, makalio yanauma, goti haliumi hata kidogo, sijui kwa nini. Msalimie Mama, mwambie zile ndizi zilifika Tanga zote, nyingine tumboni.

Karakana wananiuliza likizo ilikuwaje, nami nawasimulia mpaka mkubwa anapiga meza. Nawaambia nilivyoshuka Makanya na mkongojo wangu, nikamwona dada yangu amesimama na baiskeli, akacheka, na jino la mbele halipo. Ulininyamazia tangu Februari! Mimi naitwa mficha maradhi, na wewe umekaa miezi unacheka umefunga mdomo. Nilikusamehe hapohapo kwa sababu ulinitazama usoni kwanza, ukaja kuutazama mguu baadaye sana.

Nawasimulia ule mpango wako wa chakula. Mwalimu mzima, Mpare wa kuzaliwa, unapanga kununua ndizi Suji siku ya Jumamosi! Sisi Walutheri tumekaa jirani na Wasabato miaka yote hiyo na bado tunadhani Jumamosi ya kwetu ndiyo Jumamosi ya kila mtu. Uso wako, yule mama alipokujibu kwamba leo hakuna anayeuza hata chumvi. Na uso wako tena, alipotukalisha na kutuletea chakula kilichopikwa Ijumaa, akasema kuuza ndiko kulikokatazwa, kugawa hakukukatazwa. Nilikula mpaka punda akanihurumia.

Ile njia ya juu kando ya msitu sisimulii sana. Ulikuwa mbele umesimama juu ya pedeli, unaingia kwenye ukungu na kutoka. Nilikuwa nimesema moyoni kwamba Baba hatapita tena pale. Nilikosea, na nilifurahi kukosea, na Mbaraka alijifanya anakaza mzigo ili asione ninavyojifuta.

Lakini wanachotaka kusikia kila siku ni pale kanisani. Watu wametoka, wamejaa njia yote, Baba mkubwa mbele na fimbo yake. Mimi nimekaa nyuma yako, mguu umetangulia kama ninaonyesha njia. Ukafunga breki. Akaniuliza, bila hata pole, "Aminieli, sema mbele ya watu. Baiskeli hii ni ya nani?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu Korogwe. Yote ilinitoka. Nikasema, "Shikamoo Baba mkubwa. Baiskeli ni ya anayeiendesha. Mimi ni mzigo tu."

Na kabla hajatafuta jibu, ukaachia breki! Nilimshika Mungu kwa mkono mmoja na kiuno chako kwa mwingine. Harufu ya mipira ya breki ikiungua ninaisikia mpaka leo. Wanawake wakapiga vigelegele tangu juu mpaka chini ya Ngazi, na sauti ya Mama ilikuwa juu kuliko zote. Nami nilipiga kelele. Nilisema ni kelele za furaha, na nitaendelea kusema hivyo.

Mdogo wangu, nilidhani nakuja kukuokolea baiskeli. Sasa najua ni nani aliyekuja kumchukua nani stesheni. Asante.

Baba mkubwa amekutendeaje tangu siku ile? Usinifiche.

Kaka yako,
Aminieli


Vudee
16 Agosti 1953

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Mama hajambo, anawaambia watu kwamba mwanawe amepita Ngazi bila kukanyaga chini, kana kwamba umepaa. Maharage tumevuna. Ndama amekata kamba akala mashuka ya mchungaji, tumeomba radhi. Pengo langu sasa nalicheka wazi. Mwanzoni wanafunzi walishangaa, siku hizi hawalioni.

Umeuliza habari za Baba mkubwa. Wiki ya kwanza hakunisemesha. Wiki ya pili alishuka Ngazi peke yake, polepole, akigonga kila mahali kwa fimbo. Alipofika chini akapanda tena. Nilikuwa natoka shuleni, nikamwamkia. Akasema, "Imelala." Neno hilo moja, akaenda zake. Mtaimbo wake nilimrudishia. Baiskeli hajaitaja.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Jana asubuhi nilikuwa naipakia baiskeli kapu la kupeleka mahindi mashineni. Mama mkubwa Esta akaja. Amevaa kitenge chake cha kanisani, siku ya Jumamosi. Akalitua lile kapu chini, mwenyewe, bila kuniuliza. Akasema, "Nipakie mimi."

Nikamuuliza, "Twende wapi, Mama mkubwa?"

"Chini ya Ngazi, na kurudi."

Nami, kaka, mimi Lea, nikamuuliza, "Kuna nani huko?"

Alinitazama kwa namna ambayo mpaka sasa nikikumbuka masikio yanaungua. Nikaishika baiskeli isimame, akakaa. Ana uzito wa ndege. Alinizungushia mikono miwili tumboni akanibana kwa nguvu zote, na nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu.

Tulipopita mbele ya nyumba yao, Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake. Akainuka, chai ikamwagika. Akaita kwa sauti ya barazani, "Esta! Nani mgonjwa?"

Nikafunga breki, kwa heshima. Mama mkubwa akapeleka mkono mbele yangu, akapiga kengele mara mbili, kisha akasema bila kugeuza kichwa, "Wote wazima, Baba Eliufoo. Nakwenda na kurudi."

Akanigonga ubavuni niachie breki.

Dada yako,
Lea